UZI MAALUM: Maonyesho na matamasha ya New England kuanzia Septemba mpaka taa za Krismasi, tujuzane hapa

Tufaha_Jekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za wikiendi. Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa magrupu yetu ya WhatsApp huku yanajaa swali lile lile, watoto tuwapeleke wapi, na majibu ni yale yale, mtu anatupia bango la yale maonyesho makubwa ya West Springfield kule Massachusetts, basi familia zinajazana kwenye gari, mnapaki mbali, mnapanga foleni ya kiazi cha kuoka, mnarudi miguu inauma na hela imekata. Nimeona nifungue uzi tuweke kila kitu sehemu moja, Maine, New Hampshire, Massachusetts na jirani zao wa New England, huku kaskazini mashariki mwa Marekani, maana huu ndo msimu wenye raha kuliko yote huku na unapita haraka, ukizubaa tu barafu hiyo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tubishane vizuri. Haya maonyesho usiyaendee kwa ajili ya mabembea. Haya ni Nane Nane ya wazungu, basi. Yalianzishwa na vyama vya wakulima miaka ya 1800 ili mwenye fahali mzuri ashindane na mwenzie na wengine wajifunze. Topsfield kule Massachusetts ni ya tangu 1818, Fryeburg kwetu Maine ni 1851, na mpaka leo moyo wake upo kwenye mabanda ya ng'ombe. Mabembea yaliletwa baadae kuvuta watu na ndo yanayomaliza hela zetu.

Ukifika nenda bandani moja kwa moja, asubuhi. Utakuta binti wa miaka kumi na kitu amelala kwenye majani makavu, kichwa kakiegemeza kwenye mbavu za mtamba wake, gumboti miguuni, analala pale pale na mnyama siku zote za maonyesho. Saa yake ya kuingia uwanjani ikikaribia anaamka anamuosha ng'ombe kwa shampuu, anampuliza na mashine ya upepo mpaka manyoya yanasimama, ule mkia anauchambua na kuupulizia dawa ya nywele unakuwa kama afro. Alafu anavaa shati jeupe na namba anaingia nae. Jaji anashika mgongo, anaangalia kiwele, anashika kipaza sauti anaeleza mbele za watu kwa nini huyu wa kwanza na yule wa tatu. Wa kwanza anapata utepe wa bluu, wa pili mwekundu, wa tatu mweupe. Hawa ni vijana wa 4-H, klabu za vijana vijijini, na ukimuuliza swali moja kuhusu ng'ombe wake atakueleza nusu saa bila kuchoka. Wanangu walijifunza pale kuliko mwaka mzima wa kuangalia simu.

Sasa ratiba kwa kifupi. Mwishoni mwa Septemba kuna Cumberland, karibu sana na Portland, na wiki hizo hizo kuna Common Ground kule Unity, hiyo ni ya wakulima wa kilimo hai, ilianza 1977, hakuna hata bembea moja, vyakula vinatoka mashamba ya Maine, watoto wanaandamana wamevaa kama karoti na kabichi. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni Fryeburg, mpakani na New Hampshire, na njia ya kwenda huko majani yamegeuka rangi yote, mekundu, machungwa, manjano, we acha. Kipindi hicho hicho Topsfield. Alafu wikiendi ya ile Jumatatu ya mapumziko ya Oktoba ni Damariscotta, pale watu wanakomba maboga makubwa ndani, wanakaa humo kama kwenye mitumbwi na kushindana mtoni. Sitanii. Wengine wanafunga injini kabisa.

Karibuni. Mwenye uzoefu atupie, mwenye swali aulize.

kijiti_cha_Moro

Nimekaa kiti cha mbele na karanga zangu, endelea mkuu

Masisi_207

Bandugu jambo. Miye niko Portland tangu 2019, tulikuwaka mu ile sale ya michezo ya Expo pamoja na batu mingi ya Congo na Angola, benye bako hapa banakumbuka. Ile mwaka mama moja wa kanisa alitubeba na batoto ku Cumberland, tulifikiria ni soko tu. Nikaona ngombe mbili za dume zenye kufungiwa pamoja na mti mu shingo, zinakokota mawe ya simenti, na mwenye kuziongoza hapigi hata fimbo, anasema tu pole pole mu masikio yazo. Baba yangu alikuwaka na ngombe ku Masisi kwetu Congo, niliita bibi yangu nikamwambia angalia, hawa batu banajua ngombe. Tangu ile siku sikose. Na fromage (jibini) yabo muonje, iko bure mu vile vibanda, wanakata vipande vidogo wanatoa. Ya Masisi inashinda lakini si mubaya.

Tufaha_Jekundu

@Masisi_207 hapo umegusa penyewe. Mashindano ya maksai kuvuta ndo kitu ninachopenda kuliko vyote Fryeburg. Wanapangwa kwa uzito, jozi ndogo kwanza alafu mijitu inayofuata, na ukumbi unanyamaza kabisa wakati wakulima wanawapanga. Kwa anayetoka Sukuma au Mbulu atajisikia nyumbani, ila maksai wa huku wananenepeshwa sijaona.

Mbishi_wa_Worcester

Nyie endeleeni kusifia. Familia ya watu watano, kiingilio, paki, mtoto anataka bembea, tiketi za bembea zinauzwa kwa karatasi kama za harusi, soda, ule unga wa kukaanga wenye sukari juu, unatoka hapo umeacha mshahara wa siku mbili kwa mtu anayelipwa kwa saa. Kwa hela hiyo nanunua mbuzi mzima nachinja tunakula na majirani. Mimi nilishaacha, watoto nawapeleka kuchuma matufaha wanashiba wanarudi.

Tufaha_Jekundu

Mbishi tulia kwanza. Hela inaisha kwa sababu mnaenda Jumamosi saa nane mchana mkiwa na njaa, hapo lazima mlie. Nenda siku ya kazi, maonyesho mengi yana siku za nafuu na watoto wadogo sehemu nyingi hawalipi, soma kwenye tovuti zao kabla hujatoka. Kula nyumbani. Beba maji na chapati kwenye begi, sehemu nyingi za vijijini hawakukatazi. Mabembea wape kikomo mapema kabisa garini, sio pale getini wakishaona taa. Na ile kubwa ya West Springfield siisemi vibaya, ina siku 17, mwaka 2019 waliingia watu zaidi ya milioni 1.6, na ule mtaa wake wenye majengo sita, moja kwa kila jimbo la New England, kila jimbo linamiliki jengo lake na linauza vyake, Maine viazi, Vermont vitu vya maple, ni kitu cha kuona mara moja maishani mwako. Lakini ukitaka kufurahi kila mwaka nenda ndogo.

Ila kuchuma matufaha nakuunga mkono asilimia mia. Ongezea tu kwamba mkirudi muwakague watoto kupe, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Oktoba na Novemba kupe wa kulungu bado wanatembea na ndo wanaoleta ugonjwa wa Lyme, ambao jina lake limetokana na mji wa hapo hapo Connecticut.

Mbishi_wa_Worcester

Kupe sawa. Kuhusu hela bado nabisha

wa_Kiambu_Lowell

Hehe Mbishi ako na point lakini mkuu wa uzi pia ako sawa. Sisi Wakenya wa Lowell ni wengi na karibu wote tumelelewa na show ya wakulima ya ASK pale Jamhuri, Nairobi, ukiwa class four mnapelekwa na basi la shule mnarudi na kofia ya karatasi. So Topsfield ndio kwetu sasa, si mbali.

Wacha niwaambie kuhusu maboga. Siku ya kwanza ya Topsfield, Ijumaa, wanapima uzito wa maboga. Hayo maboga yanaletwa kwa trela na kubebwa na winchi kama injini ya lori. Mwaka 2012 kuna jamaa wa Rhode Island anaitwa Ron Wallace alileta moja ya ratili 2,009, hiyo ni kama kilo 911, na ndio mara ya kwanza duniani boga kuvuka ratili elfu mbili. Hapo hapo Topsfield. Watu walilia machozi nakuambia, wazee wazima.

Nilimuuliza mkulima mmoja siri ni gani. Akasema mbegu kwanza, aina inaitwa Atlantic Giant ambayo ilikuzwa na Howard Dill wa Nova Scotia, Kanada. Halafu kwa mche mmoja unaacha tunda moja tu, mengine yote unang'oa, mizizi na majani yote yanafanyia kazi hilo moja. Likishika kasi mwezi wa nane linaongeza zaidi ya kilo ishirini kwa siku, wanalifunika na shuka usiku lisipate baridi na mchana lisichomwe na jua ngozi ikapasuka. Likipasuka ufa ukafika mpaka uwazi wa ndani linatolewa mashindanoni. Mimi mama yangu akiambiwa kuna mtu anafunika malenge na blanketi atasema ni wazimu, na sio la kula hata, ni maji tu ndani.

kijiti_cha_Moro

Kilo 900 boga?? na sisi tunagombania majani yake sokoni 😂

Binti_Shangani

Assalam aleikum wote. Mimi ni wa Unguja nipo hapa karibu na Boston, na nina la kuwaambia Waislamu wenzangu kuhusu vyakula maana hakuna anayelisema. Ile maharage ya kuoka ya huku, matamu kweli, wanaweka kipande cha nguruwe cha chumvi chunguni karibu kila pahala, hata kama huoni nyama. Chaudha ya chaza (clam chowder, supu nzito ya maziwa) vivyo hivyo, mara nyingi inaanzishwa na mafuta ya nguruwe. Muulize muuzaji, hawaoni vibaya, wengine wana chungu cha pembeni kisicho na nyama kwa ajili ya wasiokula nyama, mwambie akutekee na kijiko chengine. Na maji ya tufaha, yakiwa ya kahawia baridi kwenye galoni hayo ni juisi tu, kunyweni, matamu sana na zile donati za moto. Lakini kibanda kikiandikwa hard cider hiyo ni pombe, usimpe mtoto. Zile pipi nyeupe laini za kuchomwa motoni nazo zina jelatini, angalia pakiti.

Na Salem je hamuitaji? Mwezi mzima wa kumi mji ule hautembeleki, wanakuja zaidi ya milioni moja kwa mambo ya wachawi. Usiende na gari. Panda treni pale North Station, Boston, unashuka mjini kati. Lakini mimi siendi kwa wachawi, naenda forodhani. Wazanzibari wengi hawajui kwamba meli za Salem ndo zilikuwa zinakuja kwetu Unguja wakati wa Seyyid Said. Mkataba wa Marekani na Sultani ulitiwa saini 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Zanzibar, Richard Waters, alifika 1837, mtu wa Salem huyo. Walikuwa wanaleta nguo ya amerikani iliyofumwa viwanda vya huku Massachusetts, wanarudi na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Ile sandarusi ikisafishwa hapo hapo Salem ikatengenezwa vanishi. Na pembe zilipelekwa Connecticut kufanywa vibao vya piano. Basi mimi nikisimama pale Derby Wharf watu wote wananipita na kofia zao za uchawi, mie natazama bahari nasema hawa walikuwa wanatujua kabla hatujawajua.

wa_Kiambu_Lowell

@Binti_Shangani hii sikujua kabisa. Asante sana dada. Na hao wachawi wenyewe si walikuwa watu wa kawaida tu?

Binti_Shangani

Watu wa kawaida wasio na hatia. 1692 walinyongwa kumi na tisa, na mzee mmoja Giles Corey akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Ndo maana mie sipendi kuona wanauza vikombe vyenye picha za wachawi pale, ila hiyo ndo biashara ya mji sasa.

Mlokole_Original

Bwana Yesu asifiwe. Sasa si mnaona wenyewe, uchawi unageuzwa tamasha. Mimi watoto wangu Oktoba 31, hiyo Halloween yao ya kuvaa vitisho na kuomba pipi mlango kwa mlango, wanakaa ndani, taa ya nje nazima. Hatukuja huku kuvaa mafuvu.

Masisi_207

Pasta na sisi alisema vile vile mwaka ya kwanza. Lakini batoto wakarudi ku masomo wakalia, benzao bote bana pipi. Sasa kanisa inafanya yao, magari inapangwa ku paki, kila moja anafungua nyuma, anaweka mapambo ya Noa na sanduku yake, ao ya Daudi na Goliati, batoto banapita gari kwa gari bakiwa bavalia kama simba na malaika. Mwanangu alivaa kama docteur. Hapana mafuvu. Kila mutu anafurahi na pasta mwenyewe anagawa chokolati.

Tufaha_Jekundu

Hiyo ya magari kwenye paki imeenea sana, makanisa na shule nyingi wanafanya, na ni salama kuliko kugonga milango gizani kwenye baridi. Mlokole kila mtu na nyumba yake, hatugombani. Ukitaka maboga bila mafuvu kulikuwa na Keene, New Hampshire, walikuwa wanachonga maboga na kuwasha mishumaa ndani, 2013 walifikisha 30,581 yaliyowaka kwa pamoja, rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata vijana wa mitaa ya karibu na chuo wakalewa wakafanya fujo mpaka polisi wakapiga mabomu ya machozi, tamasha likapunguzwa sana. Sasa ni dogo la watoto. Kwangu mimi limekuwa zuri zaidi.

MamaMandazi_Lewiston

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimeusoma uzi wote na naona mnakula tu hamna anayeuza. Mimi nauza sambusa na mandazi kwenye haya matamasha, wacha niwape ukweli maana napigiwa simu kila wiki na watu wanadhani ni kubeba ndoo tu na kwenda.

Kwanza kibali. Massachusetts kila mji una bodi yake ya afya, ukiuza miji mitatu unaomba mara tatu. Huku Maine leseni ni ya jimbo ila baadhi ya miji kama yetu Lewiston na Portland inakagua yenyewe. Omba wiki nyingi kabla. Pili, sambusa za nyama huwezi kutengeneza jikoni kwako ukauza, lazima jiko lenye leseni. Usikimbilie kukodi, uliza makanisa, jiko la kanisa wakati mwingine lina leseni na wanakupa kwa hela ndogo au wanasema tusaidie kuosha sufuria. Tatu, pale kibandani mkaguzi atakuja na kipimajoto chake, chakula cha moto kiwe nyuzi 57 za selsiasi au zaidi, cha baridi kisizidi 5. Anachoma sambusa katikati. Uwe na ndoo ya maji yenye koki ya kunawia, sabuni, karatasi za kufutia na ndoo ya kupokea maji machafu, bila hiyo hufungui hata uwe na foleni mpaka barabarani. Ukikaanga pale pale, mtu wa zimamoto anataka kizima moto cha daraja K, kile cha kawaida cha nyumbani hakikubaliki kwa mafuta. Hema lako lifungwe uzito kila mguu, upepo wa Oktoba unabeba hema na sambusa zako.

Kodi msisahau, Maine chakula kilichopikwa ni asilimia 8, Massachusetts 6.25 na miji mingi inaongeza 0.75. Weka pembeni siku hiyo hiyo usije ukadhani ni faida.

Kinachouzika: wazungu wa vijijini wanaogopa jina ila hawaogopi unga. Mandazi naandika donati za Afrika Mashariki na iliki, zinaisha kabla ya sambusa. Harufu ya iliki ikifika mbali umemaliza kazi. Chai ya tangawizi na maziwa ikiwa baridi imeshuka hata chenji hawaulizi. Pilipili weka pembeni, usiwaonyeshe ubabe.

Na kwa ndugu ambao karatasi ya kazi haijatoka, usisimame kuuza hata kwa jina la rafiki. Subiri itoke.

Mbishi_wa_Worcester

Sasa hapo ndo uzi umekuwa na maana. Faida kwa siku inafika ngapi?

MamaMandazi_Lewiston

Mwanangu we uliza mambo ya kibanda, mambo ya pochi yangu niachie 😄 Nakwambia tu hivi, matamasha makubwa ada ya kibanda inakula kila kitu na wenye nafasi hawazitoi, wanarithishana. Anza na soko la Krismasi la kanisa au la shule, meza moja bei rahisi, watu wana hela ya zawadi mkononi na wana njaa.

Halafu @Tufaha_Jekundu hujataja wakulima wetu. Huku Lewiston kuna wabantu waliotoka Somalia, wana mashamba yao huko Wales, mji mdogo jirani, wanalima mahindi na mboga. Kuna wazee wao wanaongea Kizigua. Mimi mama yangu ni wa Handeni, siku ya kwanza nimemsikia bibi mmoja anamkemea mjukuu wake pale sokoni nikageuka kama nimeitwa mimi. Babu zao walichukuliwa utumwani toka pwani ya Tanga wakapelekwa mto Juba, na lugha ipo bado. Tukisalimiana watu wa pembeni wanashangaa. Kila vuli nanunua mahindi kwake, na akiwa na mchicha ananifichia.

kijiti_cha_Moro

Daah hii ya Kizigua imenisisimua mwili

wa_Kiambu_Lowell

Swali, Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Novemba, je? Kila mtu huku anasema twende Plymouth mahali ilianzia, inafaa?

Binti_Shangani

Plymouth nendeni lakini mjue mnaenda kwenye pande mbili. Ile karamu ya 1621 ilikuwa ya siku tatu, wazungu kama hamsini na Wawampanoag tisini na mfalme wao Massasoit, hao wenyeji walileta kulungu watano. Wazungu wenyewe walikuwa wamezikana nusu yao majira ya baridi yaliyotangulia. Lakini tangu 1970 siku ile ile ya Alhamisi wenyeji wa asili wanakusanyika pale kilimani Cole's Hill, kwao ni siku ya maombolezo, wanasema wazi mbele ya watu ardhi ilivyokwenda. Mie nilisimama kuwasikiliza. Chakula hakikunipita vizuri jioni ile na sikujuta.

Tufaha_Jekundu

Novemba nina tahadhari moja kwa wa Maine. Huo ni msimu wa bunduki za kulungu, karibu mwezi mzima. Mkienda msituni kutembea au kwenye shamba kukata mti wa Krismasi, vaeni kile kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa, na mtoto nae, kinauzwa bei ya kutupa. Jumapili kuwinda ni marufuku kisheria Maine, kwahiyo familia yangu tunaenda Jumapili tu.

Na Novemba ndo mwezi wa masoko ya makanisa, hapo Mbishi utafurahi. Unaona kibao kimechomekwa kwenye nyasi, unaingia ukumbi wa chini, kunanukia kahawa na sufu. Wamama wazee wamefuma soksi na mitandio mwaka mzima, wanauza kwa bei ambayo hata uzi wenyewe huupati. Kuna meza ya vitu vya mitumba, kuna biskuti unalipia boksi alafu unajijazia mwenyewe, wanangu wana ufundi wa kupanga zile biskuti mpaka mfuniko unagoma. Jioni kuna chakula cha maharage, sahani unajaza na kurudia. Kwenye maonyesho kadhaa ya Maine haya maharage wanayapika ardhini, wanachimba shimo, wanawasha magogo ya mbao ngumu mpaka yawe makaa, wanashusha chungu kizito cha chuma chenye mfuniko, wanakifukia na udongo usiku kucha. Asubuhi wanafukua na koleo. Harufu ile ikitoka mtu unasogea mwenyewe.

Krismasi yenyewe pwani ya Maine ina vituko vyake. Kennebunkport mwanzoni mwa Desemba Santa anafika na boti ya wavuvi wa kambakoche. Rockland mti wao wa Krismasi sio mti, wanapanga madema ya kambakoche moja juu ya jingine mpaka linakuwa pembe tatu refu, wanazungushia taa na juu kambakoche mkubwa. Bure kuangalia. Portland wanawasha mti pale Monument Square Ijumaa ya baada ya Thanksgiving, bure pia, ila vaeni nguo nzito sana maana mnasimama.

wa_Kiambu_Lowell

Boston Common pia wanawasha mti na story yake ni kali. Mti unatoka Nova Scotia kila mwaka bila malipo. Tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili ziligongana bandarini Halifax, huko Nova Scotia, moja ilikuwa imebeba baruti za vita, ikalipuka, mji ukafagiwa, wakafa karibu watu elfu mbili. Usiku huo huo Boston wakatuma treni ya madaktari na manesi, ikapigana na theluji njiani ikafika. Sasa tangu 1971 Nova Scotia wanaleta mti mkubwa kila mwaka kusema asante. Mimi kila nikiupita naongea nao kidogo.

Mlokole_Original

Huo mti nitawapeleka watoto. Ameni.

Mbishi_wa_Worcester

Sawa, nimesoma yote. Fryeburg nikienda siku ya kazi, siku gani ina mambo? Sitaki kuendesha masaa matatu kuangalia mbuzi wamelala.

Tufaha_Jekundu

Jumatatu. Ndo siku ya wakata magogo, wanashindana kwa shoka na misumeno, wanaume kwa wanawake, vipande vya mbao vinaruka mpaka kwa watazamaji. Ondoka alfajiri, ile barabara ya 302 ikishaamka inakuwa foleni moja ndefu. Na siku nyingine katikati ya wiki kuna mashindano ya wanawake kurusha kikaango cha chuma, wanapangwa kwa umri, angalia ratiba ya mwaka huu.

MamaMandazi_Lewiston

Kurusha kikaango? Kikaango hiki hiki cha chapati?

Tufaha_Jekundu

Kile cha chuma kizito, dada. Anayekitupa mbali na kwa kunyooka ndo mshindi.

MamaMandazi_Lewiston

Fomu zinachukuliwa wapi

Masisi_207

Mama hapo bibi yangu naye anauliza. Mutafute nafasi mu gari, tunakuja watatu.